Nani Atainunua Siku Ukitaka Kuiuza? Nyumba, Hisa za Kampuni Changa na Hesabu ya Utajiri

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, ukapita Otonglo na Kisian kuelekea Maseno, utaona nyumba nyingi ambazo vyuma vyake vimechomoza juu ya slabu. Vyuma hivyo viliachwa makusudi, kwa sababu mwenye nyumba alitarajia kuongeza ghorofa pesa zikipatikana. Nyumba nyingine zimekomea kwenye linta, na ndani ya kuta zake mmeota majani ambayo mbuzi wa jirani wamezoea kuyala. Kila moja ni akiba ya mtu, awe mwalimu, muuguzi, askari au mchuuzi wa samaki, na kila moja ilianzishwa kwa imani kwamba kodi ya nyumba ni pesa za kutupa, na kwamba anayejenga hatimaye hutajirika.

Imani ya pili ni ya juzi tu. Kijana aliyesomea kompyuta katika vyuo vikuu vya Maseno au Masinde Muliro huambiwa asijifunge na mshahara wa benki au wa kaunti. Ajiunge na kampuni changa ya teknolojia, akubali mshahara mdogo pamoja na ahadi ya hisa, na siku kampuni itakapouzwa atoke humo tajiri. Imani hizi mbili huonekana hazina undugu, kwa maana moja husemwa na wazee na nyingine husemwa na vijana. Hata hivyo zina kasoro moja inayozifanya ndugu wa toka nitoke: zote mbili humhimiza mtu atie sehemu kubwa ya jasho lake katika kitu kimoja, bila kumuuliza ni nani atakayekinunua kitu hicho siku atakapohitaji pesa. Makala haya yanalifuata swali hilo la mnunuzi, kwanza kwenye nyumba, kisha kwenye hisa.

Vitu vitatu chini ya paa moja

Mkanganyiko huanza kwa sababu anayenunua nyumba ya kuishi hununua vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Hununua makao, ambayo angeyalipia kodi kama asingekuwa nayo. Hununua kibubu, kwa maana kwamba rejesho la mkopo humlazimisha kuweka akiba hata mwezi ambao angependa kuitumia. Tena hununua mali, yaani kitu ambacho bei yake inaweza kupanda au kushuka. Mtu akisema kwamba nyumba yake imemtajirisha, ni vigumu kujua ni kipi kati ya vitatu hivyo kilichofanya kazi, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Hukumbuka bei aliyonunulia na bei anayoambiwa leo. Riba, mabati yaliyobadilishwa, tangi la maji na mfumuko wa bei vyote husahauliwa.

Wachumi waliojaribu kuvitenganisha vitu hivyo wamefikia matokeo ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanapingana. Robert Shiller, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2013, alikusanya bei za nyumba za nchi yake kuanzia mwaka 1890 na kuonyesha kwamba, ukiondoa mfumuko wa bei, kwa zaidi ya karne moja zilipanda kwa wastani wa chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kwa upande mwingine, Òscar Jordà na wenzake walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa nchi 16 kuanzia 1870 hadi 2015, wakaona kwamba nyumba zilileta faida ya karibu asilimia 7 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko, faida isiyopitwa kwa mbali na ile ya hisa. Iweje? Jibu ni kwamba Shiller alipima bei peke yake, ilhali Jordà na wenzake walijumlisha kodi inayolipwa na mpangaji, au kodi ambayo mwenye nyumba anaepuka kuilipa kwa kuishi ndani yake. Utamu wa nyumba, basi, umo zaidi katika kodi kuliko katika bei. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mnunuzi yeyote ni hili: kodi ya mwaka mzima ni sehemu gani ya bei?

Tuchukue mfano, na ieleweke kwamba ni mfano wa hesabu tu. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu vya kulala iliyoko Mamboleo, Kisumu, inauzwa kwa Sh8 milioni, na nyumba kama hiyo katika mtaa huo huo inapangishwa kwa Sh35,000 kwa mwezi. Kodi ya mwaka ni Sh420,000, ambayo ni asilimia 5.25 ya bei. Mnunuzi anatoa Sh800,000 zake mwenyewe, na benki inamkopesha Sh7.2 milioni kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14, kiwango ambacho wakopaji wa nyumba nchini Kenya wamekizoea. Rejesho la kila mwezi litakuwa takriban Sh89,500. Mwezi wa kwanza, Sh84,000 za rejesho hilo ni riba, na kinachopunguza deni hakifiki Sh6,000. Baada ya miaka mitano mkopaji atakuwa amelipa benki karibu Sh5.4 milioni, lakini akienda kuulizia salio ataambiwa kwamba bado anadaiwa zaidi ya Sh6.7 milioni. Nimewaona watu wazima wakitoka benki baada ya jibu la namna hiyo wakiwa wamenyamaza kama waliofiwa.

Hebu tulinganishe na jirani aliyepanga. Huyo analipa Sh35,000, na kila mwezi anabaki na Sh54,500 ambazo mnunuzi hana. Wengi watasema kwamba kodi hupanda lakini rejesho halipandi, na wanasema kweli, ingawa benki zetu nyingi hutoza riba inayobadilika. Tuwakubalie, kisha tuhesabu: kodi ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, itachukua takriban miaka 19 kabla ya Sh35,000 kulifikia rejesho la Sh89,500. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kununua nyumba atakuwa amemaliza sekondari.

Usemi wa kwamba kodi ni pesa za kutupa unasahau kwamba riba nayo haikurudii. Mpangaji wa Mamboleo humpa mwenye nyumba Sh420,000 kwa mwaka. Mnunuzi humpa mwenye benki karibu Sh1 milioni ya riba katika mwaka wa kwanza. Ili mnunuzi asipate hasara, ni lazima bei ya nyumba izibe pengo. Riba ni asilimia 14, matengenezo na ada za kaunti tuseme asilimia 1, toa asilimia 5.25 ya kodi anayoiepuka; kinachobaki kinakaribia asilimia 10. Bei ikipanda kwa asilimia 10 kwa mwaka, nyumba ya Sh8 milioni itakuwa na bei ya karibu Sh54 milioni baada ya miaka 20. Ni nani huyo atakayekuja Mamboleo na Sh54 milioni kununua nyumba ya vyumba vitatu iliyokwisha kuzeeka?

Soko lisilo na wanunuzi

Swali hilo si la mzaha. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zilionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 kulikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika nchi ambayo sensa ya 2019 iliihesabu kuwa na watu milioni 47.6. Kwa kawaida takwimu hizi hutajwa ili kuonyesha jinsi ilivyo vigumu kununua nyumba. Ni nadra mtu kuzitaja kwa upande wa pili, yaani jinsi ilivyo vigumu kuuza. Mahali ambapo karibu hakuna anayekopeshwa na benki, mnunuzi wako ni lazima awe na pesa taslimu, au awe na Sacco itakayomwamini, au awe ng'ambo akituma pesa kidogo kidogo kupitia kwa ndugu. Watu wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache, na wanajua kwamba ni wachache. Ukiwa na haraka, ya mgonjwa hospitalini au ya karo, bei utakayopata ni ile anayoitaka mnunuzi.

Uuzaji wenyewe nao una gharama zake. Ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, na mnunuzi mwenye akili huutoa kwenye bei anayokutajia. Kuna wakili, mthamini, utafutaji wa rekodi za ardhi, na idhini ya mwenzi wa ndoa. Ushuru wa faida ya mauzo ya mali ulikuwa asilimia 5 uliporejeshwa mwaka 2015, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15, isipokuwa kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza. Hata nyumba za bei nafuu za serikali, kama zile zinazojengwa kwa ada ya asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa, haziko huru: Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 humzuia aliyenunua kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Sababu ya kizuizi hicho naielewa, kwani bila hicho matajiri wangezichukua zote. Lakini mali ambayo huwezi kuiuza bila ruhusa ni makao mazuri, si njia ya utajiri.

Wengi wetu hapa magharibi, hata hivyo, hatukopi benki. Tunanunua ploti ya futi hamsini kwa mia kwa pesa za chama au mkopo wa Sacco, kisha tunajenga kwa miaka saba au kumi: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati bonasi ikitoka. Njia hii ina sifa ya kukwepa riba ya miaka 20. Gharama yake hujificha, kwa sababu pesa zilizozikwa kwenye msingi hazizai kitu mpaka siku mtu atakapohamia. Aliyetia Sh1 milioni kwenye kuta zilizokaa miaka minane bila paa amepoteza riba ambayo pesa hizo zingempatia mahali pengine, na katika muda huo wote ameendelea kulipa kodi alikopanga. Hakuna stakabadhi inayoandikwa kwa hasara hiyo, ndiyo maana haimuumi.

Tena kuna nyumba ambayo haikujengwa ili iuzwe kamwe. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi mnamo Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukashikilia azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufaa, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Katika mabishano hayo nchi nzima ilijifunza tofauti ambayo Waluo waliijua tangu zamani: mtu anaweza kuwa na nyumba popote anapofanya kazi, lakini dala ni moja, ni pale penye makaburi ya baba zake. Waluhya na Wakisii hawako mbali na fikra hiyo. Nyumba ya mawe iliyojengwa katika dala haina mpangaji, maana hakuna mgeni atakayepanga katikati ya boma la watu. Haina mnunuzi, maana hakuna atakayenunua makaburi. Na benki huitazama hati yake kwa shaka, kama hati yenyewe ipo na si ya marehemu babu.

Sisemi watu wasijenge dala. Yangu ninayo, na sijutii hata tofali moja. Ninachosema ni kwamba pesa hizo zimetumika kama zinavyotumika kwenye harusi au elimu ya mtoto, zimenunua heshima, utulivu na mahali pa kulala wakati wa matanga. Kosa ni kuziandika kwenye ukurasa wa uwekezaji. Ninawafahamu wastaafu ambao, kwa kuzihesabu hivyo, walimalizia malipo ya pensheni kwenye nyumba ya ghorofa kijijini, na sasa wanaishi ndani yake wakisubiri watoto wawatumie pesa za stima.

Nyumba za kupangisha ndizo zinazotajwa kama jibu la haya yote, na kwa kweli zinakaribia kuwa jibu, kwa kuwa zinaleta kodi. Shida yake ni ile ya mayai yote kuwa katika kapu moja, tena kapu lililo katika mji mmoja. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa Webuye mwaka 2009, hakikuwatupa nje wafanyakazi wake peke yao, kwani wenye nyumba za kupangisha, ambao wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho, walipoteza mshahara na wapangaji kwa wakati mmoja. Mumias ilipitia njia hiyo hiyo kiwanda cha sukari kilipozorota hadi kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai, mwaka 2019. Machi 2020, vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya korona, hosteli za Maseno, Kakamega na Njoro zilibaki tupu kwa miezi, na mikopo iliyozijenga ikaendelea kudai. Nakuru, maji ya ziwa yalipopanda, nyumba za Mwariki ziliingia ziwani zikiwa na hati miliki zake halali kabisa.

Hisa za kwenye karatasi

Tukija kwenye kampuni changa, inafaa kuanza na M-Pesa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara mtu anapotaka kuthibitisha kwamba teknolojia hutajirisha Wakenya. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 na Safaricom kwa ushirikiano na Vodafone, na sehemu ya pesa za kuijaribu ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Haikuwa kampuni changa. Ilizaliwa ndani ya kampuni kubwa, na walioiunda walikuwa waajiriwa wenye mishahara. Mfano unaopendwa kuliko yote, kwa hiyo, unathibitisha kinyume cha hoja inayojengwa juu yake.

Kampuni changa halisi hufanya kazi namna nyingine. Wawekezaji huipa pesa kwa awamu, wakitarajia kwamba katika kampuni nyingi walizozipa, moja au mbili zitakua kiasi cha kufidia zote zilizokufa. Mfanyakazi hupewa mshahara ulio chini ya wa soko pamoja na haki ya kununua hisa siku zijazo kwa bei iliyowekwa leo. Kwa kawaida haki hiyo hukamilika hatua kwa hatua katika miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia hapati chochote. Nyingi ya kampuni changa za namna hii zinazofanya kazi Kenya zimesajiliwa Delaware, Marekani, kwa kuwa ndiko wawekezaji wanakozijua sheria. Kwa hiyo kijana wa Kondele anayesaini mkataba Kisumu ameahidiwa hisa za kampuni ambayo akitaka kuishtaki itambidi avuke bahari.

Jambo linalowapotosha wengi ni thamani inayotangazwa magazetini. Tuseme kampuni imepokea dola milioni 10 kutoka kwa wawekezaji waliochukua robo ya hisa zake, na hivyo inasemwa kuwa na thamani ya dola milioni 40. Mfanyakazi mwenye asilimia 0.25 hukaa chini, akapiga hesabu, akaona kwamba ana dola 100,000. Miaka minne baadaye biashara imesuasua, na kampuni inauzwa kwa dola milioni 12, bei ambayo magazeti yataisifu. Lakini hisa za wawekezaji si sawa na zake. Katika mikataba mingi wawekezaji wana haki ya kurudishiwa pesa zao kwanza. Watachukua milioni 10, na milioni 2 zinazobaki zitagawanywa kwa wenye robo tatu nyingine. Fungu la mfanyakazi wetu linakuwa takriban dola 6,700, ambazo kwa kiwango cha Sh130 kwa dola ni karibu Sh870,000, kabla ya kutoa bei ya kununulia hisa zenyewe na ushuru. Ikiwa kwa miaka hiyo minne alikuwa akipokea Sh40,000 pungufu kila mwezi kuliko ambavyo benki ingemlipa, ameacha Sh1.92 milioni ili apate Sh870,000. Tena huo ni mfano wa kampuni iliyouzwa, si iliyokufa.

Zinazokufa si chache. Robert Hall na Susan Woodward, wachumi wa Marekani, walichunguza waanzilishi wa kampuni zilizopata pesa za wawekezaji nchini humo, na katika makala yao ya mwaka 2010 wakaonyesha kwamba karibu robo tatu ya waanzilishi hao hawakupata chochote siku kampuni ilipofikia mwisho wa safari, huku wachache sana wakipata zaidi ya dola bilioni moja. Hao ni waanzilishi, wenye fungu kubwa kuliko mfanyakazi yeyote, na katika nchi yenye wanunuzi wengi wa kampuni kuliko nchi nyingine yoyote. Hapa kwetu, Kune Food ilifunga Juni 2022, Sendy ikafunga 2023, na Copia, iliyokuwa ikiwauzia watu wa mashambani bidhaa kupitia kwa mawakala wa vijijini na iliyokusanya zaidi ya dola milioni 100, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Hakuna aibu katika hilo kwa waliofanya kazi humo. Biashara ya kupeleka bidhaa kwenye vijiji vya barabara mbovu ni ngumu kwa yeyote. Ila hisa zao hazikuwa na wa kuzinunua.

Soko la hisa la Nairobi lilijaribu kutengeneza mlango wa kutokea kwa kampuni ndogo zinazokua, na mwaka 2013 likafungua sehemu maalumu kwa ajili yao. Kampuni ya kwanza kuingia, Julai mwaka huo, ilikuwa Home Afrika, ambayo kazi yake ni kuendeleza ardhi na kuuza ploti na nyumba. Ndoto zote mbili tunazozijadili zilikutana katika hisa moja. Iliingia kwa Sh12. Miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa senti, chini ya shilingi moja.

Mwenye nyingi na mwenye moja

Kwa nini basi tunazidi kuamini? Jibu la kawaida ni kwamba tunawasikia walioshinda tu, na ni kweli, kwani mwenye kuta za Otonglo haalikwi redioni. Lakini kuna sababu ya pili ninayoiona kuwa nzito zaidi. Wapo watu wanaotajirika kwa nyumba na kwa kampuni changa, na sisi huiga kile wanachokimiliki bila kuangalia jinsi wanavyokimiliki. Benki ina mamia ya nyumba kwenye vitabu vyake, na nyumba moja ikianguka nyingine huibeba. Muuza ploti ana shamba zima la kukata, na ameshalipwa kabla ya bei kupanda au kushuka. Mwekezaji wa teknolojia ana kampuni thelathini, na amejikinga kwa haki ya kulipwa kwanza. Mnunuzi wa Mamboleo ana nyumba moja na kijana wa Kondele ana kampuni moja, tena kijana huyo ameiwekea kampuni hiyo mshahara, akiba na miaka yake vyote kwa pamoja, kama yule mfanyakazi wa Webuye aliyejenga nyumba za kupangisha kando ya ukuta wa kiwanda.

Shaka hii ina mipaka yake, na ni haki kuitaja. Hoja ya mpangaji husimama tu iwapo zile Sh54,500 zinawekwa kweli. Zikiishia kwenye gari na nyama choma, mwenye nyumba atamshinda, kwa sababu kibubu chake kina kufuli. Pia haziko salama popote: hisa ya Safaricom, iliyouzwa kwa umma kwa Sh5 mwaka 2008, ilipita Sh40 mwaka 2021 na kushuka hadi karibu Sh12 miaka miwili baadaye. Bondi ya serikali ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa ushuru, lakini aliyezoea viwango vya wakati huo alishtuka kuona riba ya hati za hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, ikishuka chini ya asilimia 9 kufikia katikati ya 2025. Hata hivyo, hati hizo na akiba za Sacco zina tabia moja ambayo nyumba na hisa za kampuni changa hazina, nayo ni kwamba unaweza kutoa kipande cha Sh50,000 na kuacha kilichobaki kikiendelea. Jiko la nyumba haliuzwi peke yake.

Kwa kijana, kazi ya kampuni changa inaweza kuwa nzuri kabisa ikiwa mshahara peke yake unatosha kuikubali. Hapo hisa ni bahati nasibu ambayo hakuilipia. Kabla ya kusaini aulize mambo matatu, na asiridhike na jibu la idadi ya hisa tu: hisa zote za kampuni ni ngapi, wawekezaji watachukua dola ngapi kabla ya mfanyakazi wa kwanza, na akiondoka ana muda gani wa kuzinunua hisa alizokwisha kuzitumikia. Muda wa siku 90 ni wa kawaida, na katika siku hizo hutakiwa kutoa pesa zake mwenyewe kununua kitu ambacho hana hakika kitakuwa na mnunuzi.

Kwa mwenye kununua nyumba, hesabu ile ile ya Mamboleo inaweza kusomwa kutoka upande wa pili. Tuseme bei haipandi kwa kasi ya ndoto, bali kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, sambamba na kodi. Ongeza asilimia 5.25 ya kodi anayoiepuka, toa asilimia 1 ya matengenezo, na utapata asilimia 9.25. Riba ikiwa chini ya hapo, nyumba inamfaa. Ikiwa juu, kupanga kunamfaa zaidi. Mikopo inayopitia kwa Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, KMRC, hutolewa kwa riba ya chini ya asilimia 10, na kwa asilimia 9.5 rejesho lake lingekuwa takriban Sh67,000 badala ya Sh89,500. Bado ni karibu mara mbili ya kodi, lakini mnunuzi huyo amekaribia mizani, na muuzaji akimpunguzia bei hadi Sh7.5 milioni, mizani inamwelekea yeye.